Tundu la Kuotea Miguu

Harufu ya nta iliyopata moto hunirudisha kwenye chumba kilichokuwa chini ya ardhi, ngazi saba kutoka ua wa nyuma wa nyumba ya Bwana Sherali, Tabora mjini. Ni harufu tamu kidogo, ya asali iliyokwisha kuliwa, na ndani yake mna makaa, kitambaa kipya cha kaki na maziwa ya mtoto mchanga. Wageni walioshuka ngazi zile kwa mara ya kwanza walitegemea kukuta ghala, kwa sababu ndivyo chumba kile kilivyoanza. Msingi wa nyumba ulijengwa zamani za misafara, na huko chini mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu alikuwa akiweka nta na pembe zilizosubiri wapagazi wa kuzipeleka pwani. Wengine walisema hakuweka nta na pembe tu. Baba hakupenda mazungumzo hayo yafanyike karibu na kitanda chetu. Bwana Sherali aliponunua nyumba alikimalizia chumba vizuri. Alikipiga plasta, akakimwagia sakafu ya saruji nyekundu, akakipaka chokaa ya samawati, akakitia mlango wa mninga. Alikusudia mama yake apumzike humo mwezi wa Oktoba, jua la Tabora linapokausha hata mate mdomoni. Bibi kizee yule alipumzika humo misimu miwili, kisha magoti yakakataa ngazi, akapanda juu asishuke tena. Ndipo chumba kikapangishwa kwa fundi cherehani aliyekuwa akishona kwenye baraza ya duka la Bwana Sherali, na fundi huyo ndiye baba yangu.

Asiyeijua Tabora husema huko hakuna baridi. Ni kweli maji hayagandi. Lakini mwezi wa Juni upepo wa kusini mashariki ukianza, ardhi hupoa taratibu, na chumba kilichomo ndani ya ardhi hupoa nayo. Watu wa juu walitoka asubuhi kuota jua, na kufika saa tatu walikuwa wamekwisha kusahau. Sisi jua tulilisikia tu. Sakafu ile nyekundu, ambayo mama aliing'arisha kwa fahari mbele ya wageni, ilipandisha baridi kutoka nyayoni hadi kwenye meno. Kipupwe cha kwanza na cha pili tulikivumilia kwa kulala tumebanana, baba, mama na mimi, tukagombea blanketi kwa heshima zote. Cha tatu hakikuvumilika, kwa sababu katikati ya Juni mama alijifungua kabla ya wakati.

Mtoto alikuja wa miezi saba, tena akitanguliza miguu, kwa hiyo jina lake halikuhitaji kikao: kwetu Unyamwezini mtoto wa namna hiyo huitwa Kashindye. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani wamesahau nusu yake hospitali. Kichwa kilienea kwenye kiganja cha baba, na masikio hayakuwa yamekaza bado. Walikaa wodini siku kumi na mbili, kisha mkunga akawaruhusu kwa kuwa mtoto alikuwa akinyonya, akampa baba maagizo ambayo baba aliyarudia nyumbani neno kwa neno: "Huyu hana mafuta ya kujipasha. Akipoa ataacha kunyonya, na akiacha kunyonya ndiyo basi." Baba alikuwa mtu wa vipimo. Alisimama katikati ya chumba akakitazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta kitambaa pungufu. Tulikuwa na gunia moja la makaa, lililoletwa kwa treni na mjomba kutoka Usinge, na mjomba asingekuja tena mpaka Septemba. Mwaka ule makaa mjini yalikuwa ya kubahatisha, kama vitu vingine vingi. Swali likawa moja, na hata mimi wa darasa la tatu nililielewa: ama gunia lile litamfikisha Kashindye mwisho wa kipupwe, ama halitamfikisha.

Siku ya pili yake akaja bibi, mzaa mama, kutoka Lusu, kule Nzega, na mzigo wa pamba yenye mbegu kichwani. Alishuka ngazi kinyumenyume, akishika ukuta, akafika chini akageuka, akanitazama mimi badala ya chumba. "Mke mwenzangu," akasema, kwa maana ndivyo alivyoniita siku zote, "hii ni nyumba au ni shimo la muhanga?" Nikamjibu kwamba ni nyumba, tena ina sakafu. "Naiona sakafu," akasema. "Inanila miguu." Kisha akanawa mikono, akampokea Kashindye, akamvua nguo zote, akamtia kifuani ngozi kwa ngozi na kujifunga kanga mbili juu yake. Tangu saa ile mtoto hakukaa kitandani tena. Alihama kutoka kifua cha mama kwenda cha bibi na kurudi, na kitanda kikawa mahali pa kuweka nguo.

Bibi ndiye aliyeleta hesabu ya mchanga. Babu yake alikuwa mpagazi, aliyekwenda pwani na kurudi mara nyingi hata bega moja likawa chini kuliko jingine, na kutoka kwake bibi alijua jinsi watu wa msafara walivyolala porini wakati wa kipupwe. Hawakulala kando ya moto, alisema, walilala pale moto ulipokuwa. Walikoka moto, wakapika, wakala, kisha wakayasogeza makaa pembeni, wakatandaza majani juu ya udongo uliopata moto na kulala hapo mpaka alfajiri. "Moto wa kuuangalia unamaliza kuni bure," alisema. "Joto la kulalia liko kwenye udongo." Baba alilisikia neno hilo akaacha kazi ya mteja mezani. Alishona mifuko sita ya marikani, kila mmoja kama mto mdogo wa kuegemea, mshono mara mbili, uzi umepitishwa kwenye donge lake la nta ili usioze. Mchanga wa Tabora hauhitaji kutafutwa. Nilitoka nje nikachota. Tuliukaanga kwenye karai juu ya makaa yaliyobaki baada ya ugali, na juu ya makaa ya pasi baba alipokwisha kupiga nguo za watu, na hata majivu yenye moto hatukuyamwaga. Mifuko mitatu ililala chumbani huku mitatu ikiwa motoni, na mimi ndiye niliyeishughulikia. Mlangoni baba alitundika pazia alilolishona kwa mabaki ya sare za shule na kulijaza ile pamba ya Lusu, nene kama godoro, likafika karibu na sakafu. Halikuigusa. Alikuwa ameacha nafasi ya upana wa kidole, na kila asubuhi aliinama akapima kwa kidole chake mwenyewe kama pazia halijateremka.

Nafasi ile ilitokana na maneno ya Bwana Sherali. Siku bibi alipotaka jiko liingie chumbani, Bwana Sherali alishuka mwenyewe, jambo alilolifanya kwa nadra, akasimama ngazi ya mwisho. "Fundi," akasema, "kijijini moshi na hewa mbaya vinatoka kwenye nyasi, watu wanalala na moto na hawaumwi. Hapa juu yako kuna zege, na juu ya zege kuna duka langu. Hewa iingie chini, itoke juu. Tundu la uani usizibe." Chumba kilikuwa na matundu mawili ya hewa yaliyo chini kidogo ya dari, kila moja na wavu wake wa chuma. Moja lilitazama barabarani, na hilo tulilijaza magunia kwa sababu lilikuwa likipokea upepo. La pili lilitokea uani, usawa wa ardhi, likabaki wazi. Jiko liliingia mara moja tu kwa siku, asubuhi, baridi inapokuwa kali kupita zote, baada ya kuwashwa uani mpaka makaa yakavaa majivu. Lilikaa saa moja likatolewa. Bibi aliona masharti haya kuwa maringo ya watu wa mjini. Yeye alilala na moto maisha yake yote katika nyumba ya msonge, akazaa watoto saba kando yake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba moto unahitaji mlango wa kutokea. Hata hivyo alitii, kwa kuwa yuko kwa mkwewe.

Sasa lazima nimweleze mama yake Bwana Sherali, ambaye mtaa mzima tulimwita Ma. Alizaliwa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora kuliko cha mwalimu wetu aliyetoka Tanga. Alikuwa mdogo wa umbo, amejitanda mtandio mweupe, ana fimbo na kigoda. Kila asubuhi, baada ya sala na chai, alitoka uani kuota jua. Kabla Kashindye hajazaliwa alikaa karibu na birika la maji. Jiko lilipoanza kuingia chumbani kwetu, siku ya tatu au ya nne, niliona kigoda kimehama. Ma alikiweka mbele ya tundu letu, akavua champali, akainua mtandio kidogo na kunyoosha miguu yake kwenye wavu. Hewa ya moto iliyopanda kutoka kwenye jiko letu ilitokea pale, ikampitia kwenye nyayo, naye akafumba macho. "Shikamoo, Ma," nilimwamkia nikipita na karai. "Marahaba, binti," akajibu bila kufumbua.

Hakuna aliyelisema jambo hili, na nadhani watu wazima hawakuliona kuwa jambo. Mimi nililiona. Mwaka ule mwalimu wetu alikuwa ametuchorea ubaoni ng'ombe na kupe. Ng'ombe alikuwa mwembamba, kupe mnene kupita kiasi, na chini yake aliandika maneno tuliyoyasoma kwa sauti mpaka madirisha yakatetemeka: mnyonyaji huishi kwa jasho la wengine. Tuliulizwa tutaje wanyonyaji tunaowajua. Mtoto mmoja alimtaja kaka yake mkubwa, tukacheka. Nilirudi nyumbani na ng'ombe yule kichwani, na asubuhi iliyofuata nikatoka uani, nikamwona Ma amenyoosha miguu. Makaa yetu, ya mjomba wetu, kutoka Usinge, yaliyopimwa kwa kopo kila asubuhi ili Kashindye asife, yalikuwa yakipasha miguu ya mama wa mwenye nyumba. Ushahidi ulikuwa mbele yangu. Nilihisi hasira ya kweli, na pamoja nayo furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza somo la shuleni lilikuwa limekuja kukaa kwetu.

Niliifanya kazi hiyo Jumamosi jioni, wote wakiwa juu kwenye baraza. Nilichukua kipande cha kaki katika mabaki ya sare, nikakikunja mara nyingi, nikapanda juu ya sanduku nikakishindilia kwenye tundu la uani kutoka ndani. Kisha nikalichukua donge la nta la baba, nikaikata nusu yake, nikailainisha juu ya mfuko wa mchanga moto na kupaka pembeni pote kwa kidole gumba, kama nilivyomwona mama akiziba mtungi. Upepo uliokuwa ukipita hapo ukakatika. Nilishuka nikasimama katikati ya chumba, na naapa nilihisi joto limeongezeka papo hapo. Sikumwambia mtu. Nilitaka wagundue wenyewe kwamba makaa yamepungua kuliwa, ndipo niseme ni mimi.

Kesho yake, Jumapili, ilikuwa ni siku ya mama kutoka ndani baada ya arobaini. Alikwenda kanisani na baba kumshukuru Mungu, na mtoto akabaki na bibi kwa sababu upepo ulikuwa mkali. Niliachiwa karai. Bibi aliingiza jiko kama kawaida, akashusha pazia, akaketi juu ya mkeka, mgongo kwenye kitanda, Kashindye kifuani. Baada ya muda nilishuka na mfuko wa mchanga. Nilikuta bibi ameinamisha kichwa, mdomo wazi kidogo, na mtoto kimya ndani ya kanga. Chumba kilikuwa na joto ambalo hakijawahi kuwa nalo. Nikaona wamelala usingizi mzuri, na usingizi huo ni kazi yangu. Niliuweka mfuko taratibu penye miguu ya bibi, nikatoka kwa ncha za vidole, na nilipofika mlangoni nililivuta pazia chini kidogo, ile nafasi ya kidole ikaisha. Kichwa changu mwenyewe kilikuwa kimeanza kugonga, nikadhani ni moshi wa kuni za uani.

Ma alikuwa ametoka na kigoda chake. Alivua champali, akanyoosha miguu, akangoja. Nilikuwa nikimtazama kwa jicho la pembeni, maana ndiyo saa niliyoingoja. Alisogeza kigoda karibu zaidi. Akagusisha nyayo kwenye wavu wenyewe. "We binti," akasema mwishowe, "leo hamkuwasha jiko?"

"Limewashwa, Ma," nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa na kiburi ninachokisikia mpaka leo. "Linawaka vizuri tu. Wamelala."

Aliinama akaweka kiganja kwenye wavu. Sikujua kwamba mtu wa umri ule, ambaye kila siku alihitaji kushikwa mkono ili ainuke, anaweza kuinuka peke yake kwa namna ile. Alimwita mwanawe kwa sauti iliyofika barabarani, na wakati huohuo akawa anachokoa tundu kwa ncha ya fimbo. Nta ya asubuhi ya kipupwe ni ngumu. Ilimchukua mara kadhaa. Bwana Sherali alipita mbele yangu miguu mitupu, akashuka ngazi zote saba kama mbili, nikasikia pazia likichanika. Alitoka amembeba Kashindye kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anamburuta bibi chini ya kwapa. Bibi alitapika kwenye ngazi. Mtoto hakufanya chochote. Alikuwa na rangi nzuri kuliko siku zote, mashavu mekundu, na alikuwa amelegea kabisa. Ma alimchukua, akamgeuza kwenye upepo uleule tuliomficha siku arobaini, akampulizia usoni, akampiga nyayo kwa vidole viwili, akampuliza tena. Nilisimama na karai mkononi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kabla ya siku hiyo, na sijaogopa hivyo tena. Halafu Kashindye akakohoa, akatoa sauti nyembamba ya hasira, na Ma akasema kitu kwa lugha yao na kuketi chini kwenye vumbi na mtoto mapajani.

Baba na mama walirudi kutoka kanisani wakakuta pazia limelala uani. Baba hakupiga kelele. Alishuka, akakaa huko kwa muda, akapanda akauliza swali moja tu: nani ameziba tundu. Nilifungua mdomo. Bibi, ambaye alikuwa amelazwa kivulini na kitambaa cha maji kichwani, akawahi. "Ni mimi," akasema. "Upepo ulikuwa unampiga mtoto utosini." Baba akamtazama mkwewe, akatazama chini, akasema, "Sawa, mama." Mimi nikafunga mdomo. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuufungua tena, alasiri nzima na siku zilizofuata, na sikuufungua. Niliona aibu, na juu ya aibu ile niliona nafuu, na nafuu ndiyo iliyonidhuru zaidi.

Jiko halikuingia tena chumbani. Tuliendelea na mifuko ya mchanga, pazia lililoshonwa upya, pamoja na joto la ngozi kwa ngozi, na ikaonekana kwamba hayo yalitosha tangu mwanzo. Gunia la Usinge lilifika Septemba na makaa kidogo chini. Kashindye alinyonya, masikio yakakaza, akaanza kuonekana kama mtu aliyekuja kukaa. Aliyepungua ni bibi. Tangu Jumapili ile alianza kuomba ruhusa kwa kila kitu. "Mama Kalunde, nimchukue?" alimwuliza binti yake mwenyewe, akimwita kwa jina langu, kabla ya kumpokea mtoto aliyempasha kwa kifua chake majuma yote yale. Hakuniita tena mke mwenza mbele ya baba. Kipupwe hakijaisha akasema shamba linamwita, wakati shambani hakukuwa na kazi yoyote, akapanda lori la Nzega na kanga zake mbili. Miaka michache baadaye watu wa kwao walihamishiwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Msonge wake ulibaki nyuma, akapewa nyumba ya bati, na aliposalimiwa alisema bati linalia usiku. Alifariki huko kabla sijamaliza shule ya msingi. Sikumwambia. Alijua, bila shaka, kwani nani mwingine angejua vizuri zaidi yake kwamba hakuziba. Lakini kujua kwake si sawa na kuambiwa na mimi.

Kuhusu Ma, siku ya tatu baada ya mkasa alisimama kwenye baraza mbele ya cherehani ya baba, akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na nta yote aliyoikwangua kwenye wavu na kwenye kile kitambaa cha kaki, ameikanda ikawa donge. "Fundi, nta yako," akasema, akaenda zake. Baba aliviringisha donge lile kati ya vidole, akalilinganisha na nusu iliyobaki mezani, akaviunganisha viwili hivyo. Nilikuwa nimeketi karibu nikifumua pindo la suruali. Hakunitazama. Kesho yake mama aliniamuru nianze kumpelekea Ma mfuko mmoja wa mchanga moto kila asubuhi, na nikampelekea mpaka kipupwe kikaisha, nikipiga magoti kuuweka chini ya miguu yake. Alisema, "Asante, binti," kama vile ni kawaida. Mwaka uliofuata nyumba nyingi za kupangisha ziliingia mikononi mwa umma, ile ya Bwana Sherali ikiwamo, wao wakaondoka Tabora kwa treni na masanduku, na tukasikia wamefika nchi ya mbali yenye baridi kweli.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi. Nimefundisha unyonyaji, na ninaamini bado kwamba somo lile lilikuwa la kweli, kwani niliwaona kupe wengi baadaye, wengine weusi kama mimi. Lakini sikuwahi kuchora ng'ombe ubaoni. Mwaka juzi, mwezi wa Julai, alikuja kijana mmoja kutoka ile nchi ya baridi, kitukuu cha Ma, akiulizia duka kwa duka familia ya fundi cherehani. Kashindye alitupeleka kwa gari lake. Chumba cha chini siku hizi ni steshenari. Kuna mashine za kutolea nakala, dari ya plastiki na kiyoyozi. Tulizunguka uani. Tundu limepigwa saruji na kupakwa rangi, hata alama halina, nikamwonyesha kwa kukisia. Kijana aliweka kiganja ukutani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota, lakini cha Tabora, alichokipata kwa wazee wake. Alinisimulia kwamba nyumba zao huko nazo zina chumba chini ya ardhi, chenye mashine inayosukuma hewa ya moto hadi kwenye matundu ya sakafuni, na kwamba Ma alipozeeka kabisa alikataa sofa, akaweka kigoda chake juu ya tundu la jikoni na kuvua viatu.

Basi nikasema, mbele ya ukuta, kitu ambacho sikumwambia bibi, wala baba, wala mama, wala huyo mdogo wangu aliyekuwa akitusubiri garini. Nilisema, "Tundu hili niliziba mimi."

"Tunajua," akasema kijana. "Kwetu kila mtu anajua hadithi ya binti aliyeziba. Ma alisema usigombezwe." Akatafuta maneno. "Alisema kosa lilianza kwake. Alikaa pale kila siku, na hakumwomba mama yako."

Tulimsindikiza hotelini kwake, kisha tukageuza kwenda nyumbani, Kashindye kwenye usukani, mwanamke wa haja sasa, na vioo vyote vimepandishwa kwa sababu ya upepo. Nilianza kumsimulia tulipopita stesheni nikamaliza tumefika getini, yote, pamoja na lile la kuvuta pazia na lile la bibi kujibu kwa niaba yangu. Hakuzima injini. Alitazama mbele, mikono juu ya usukani, nami nikaanza kumwogopa mtoto niliyemlea. Kisha akabonyeza kitufe, na kioo cha upande wangu kikashuka upana wa kidole.